Ngoma za Umeme Zilivyopata Kidatu

Kamati ya jubilii imegawa kazi. Wengine wameandika katika kijitabu hiki kuhusu waanzilishi, sare, safari na mashindano, na mtawasoma kwa furaha. Mimi nimeombwa niandike kuhusu ala, na kati ya ala zote nimechagua ile ambayo hakuna mtu aliyewahi kuishukuru mbele ya kusanyiko: mashine ya ngoma. Wengi wenu mnaijua kama ile safu ya vitufe kwenye kinanda iliyoandikwa Rhythm au Style. Mpiga kinanda akibonyeza mara moja, ngoma na matoazi yanaanza kulia bila mpigaji. Kabla ya kuhamia ndani ya kinanda, mashine hii ilikuwa kisanduku kilichosimama peke yake, na historia yake inagusa jambo ambalo walimu wa kwaya hutukemea nalo kila zoezi: kidatu.

Kidatu ni ujuu au uchini wa sauti. Si ukubwa wake; huo ni mambo ya nguvu. Besi na soprano wanaweza kuimba kwa nguvu sawa kabisa, lakini vidatu vyao haviko mahali pamoja. Mwalimu anapotupa doh kabla ya wimbo, anatupa kidatu, na ole wake tena atakayeingia nusu hatua chini. Sasa, wengi wetu hudhani ngoma haihusiki na hayo yote, kwamba kazi yake ni mapigo tu na vidatu ni mzigo wa waimbaji. Waliotengeneza mashine za kwanza za ngoma nao walidhani hivyo, au angalau walizitengeneza kana kwamba ndivyo ilivyo.

Mpigaji wa ngoma ya ngozi angewacheka. Ngozi ikinyonya unyevu hulegea na sauti hushuka, kwa hiyo ngoma huanikwa juani au huoteshwa moto mpaka ikaze na sauti ipande. Hapo hatafuti kelele. Anatafuta sauti yake mahali inapostahili kuwa. Jirani zetu Waganda walilifikisha jambo hili mbali zaidi. Katika jumba la Kabaka kulikuwa na entenga, seti ya ngoma 15, ambapo 12 kati yake zilipangwa vidatu mpaka zikaweza kupiga nyimbo zenyewe. Watu wanne walipiga hizo 12, na wawili wakapiga tatu zilizobaki. Huko ngoma haikuwa ikisindikiza wimbo. Ngoma ndiyo iliyokuwa ikiimba.

Haya, tuvuke bahari. Mwaka wa 1959 kampuni ya Wurlitzer ya Marekani, iliyokuwa maarufu kwa vinanda na kwa yale makabati ya kuchezea santuri mahotelini, ilitoa kifaa kilichoitwa Side Man. Kilikuwa kabati la mbao. Ndani yake mota ndogo ya umeme ilizungusha kisahani, na kila kilipogusa vituo fulani vya chuma, vali kama zile za redio za zamani zilitoa sauti ya ngoma au matoazi. Kulikuwa na midundo 12 ya kuchagua, waltz ikiwamo, na mahali pa kuongeza au kupunguza mwendo.

Jina la kifaa hicho lina maana ya mwanamuziki wa pembeni, yule anayesindikiza tu. Mnunuzi aliyekusudiwa hakuwa na bendi. Alikuwa mtu mmoja mwenye ogani ya umeme nyumbani, anayetaka mtu wa kumshikia mapigo huku mikono na miguu yake ikiwa na kazi. Ogani za namna hiyo zilikuwa zimezoeleka. Ile ya Hammond ilianza kuuzwa mwaka wa 1935, na makanisa mengi ya Marekani yasiyoweza kugharimia ogani ya mabomba yaliinunua. Kwa hiyo mashine ya ngoma, ambayo baadhi ya wazee huitilia shaka kwamba ililetwa kanisani kutoka kwenye dansi, ilizaliwa pembeni mwa ogani. Sisemi hili ili kumaliza ubishi. Ubishi huo nimeusikia sana na najua hauishi.

Mtu aliyeisukuma mashine hii mbele kuliko wote alikuwa Mjapani aitwaye Ikutaro Kakehashi, aliyezaliwa Osaka mwaka wa 1930. Wazazi wake wote wawili walikufa kwa kifua kikuu akiwa mtoto mdogo. Alipokuwa kijana ugonjwa huo huo ulimlaza hospitalini kwa miaka kadhaa, na alipona baada ya kupewa streptomisini, dawa iliyokuwa mpya wakati huo. Maisha yake yalikuwa ya fundi: alitengeneza saa, akatengeneza redio, akafungua duka. Mwaka wa 1960 alianzisha kampuni ya Ace, na mwaka wa 1964 akapeleka Marekani mashine ya ngoma iliyoitwa Rhythm Ace R-1. Ilipigwa kwa kubonyeza vitufe kwa mkono, haikuwa na mdundo wa kujiendesha, na haikununuliwa.

Alirudi tena mwaka wa 1967 na FR-1, yenye midundo 16 iliyopangwa tayari. Ukibonyeza vitufe viwili au zaidi kwa pamoja, midundo ilichanganyika. Kampuni ya Hammond iliichukua na kuiweka kwenye ogani zake, na hapo ndipo mashine ya ngoma ilipopata riziki ya kudumu. Mwaka wa 1972 Kakehashi alianzisha kampuni nyingine, Roland, ambayo jina lake mnalijua kwa vinanda.

Angalieni basi mnunuzi alipewa uwezo gani. Alipewa kuchagua mdundo. Alipewa mwendo. Alipewa nguvu ya sauti. Baadaye, mwaka wa 1978, Roland walitoa CR-78 iliyomwezesha hata kutunga mdundo wake mwenyewe na kuuhifadhi. Lakini kidatu cha ngoma kiliamuliwa kiwandani, kikafungiwa ndani kwa skrubu. Sababu zake si za uovu. Kila kitufe cha kuzungusha kina gharama yake, kinahitaji tundu na nafasi na waya. Tena mlio wa ngoma wa mashine hizo ulikuwa mfupi sana, tiki, taki, na sauti fupi namna hiyo sikio haliwahi kuipima ni doh au lah. Ikishapita, imepita.

Jambo lilibadilika ngoma ilipoanza kulia kwa muda mrefu.

Mwaka wa 1980 zilitoka mashine mbili zilizokwenda njia mbili. Ya kwanza ni LM-1 ya Mmarekani Roger Linn, mpiga gitaa aliyechoka kusikia mashine zisizofanana na ngoma. Yeye hakuunda sauti kwa saketi. Alirekodi ngoma za kweli, akaweka rekodi hizo ndani ya chipu. Ilikuwa na sauti 12 na iliuzwa dola 4,995, bei ya kumtoa mtu jasho hata leo. Zilitengenezwa takriban 500 tu. Haikuwa na matoazi makubwa kwa sababu mlio wao mrefu ungekula kumbukumbu nyingi, na kumbukumbu ya kompyuta siku hizo ilikuwa ghali. Lakini Linn alifanya jambo moja la maana: kila sauti aliipa kitufe chake cha kidatu.

Namna kitufe hicho kilivyofanya kazi, sisi tuliokulia kwenye redio kaseti tunaielewa bila darasa. Betri zikiisha, kanda huzunguka polepole, na mwimbaji wa soprano hugeuka kuwa mzee wa besi. Ukiharakisha kanda, mzee wa besi anakuwa mtoto. Katika LM-1 hakuna kanda, ila kuna saa ya umeme inayoamuru chipu isomwe kwa kasi gani. Ikisomwa haraka, ngoma inapanda. Ikisomwa polepole, inashuka na kurefuka. Mwanamuziki Prince alikitumia kitufe hicho mno. Katika When Doves Cry, wimbo wake wa mwaka wa 1984, ule mgongano wa ajabu unaofanana na mtu anayebisha mlango ni sauti ya kijiti kwenye ukingo wa ngoma iliyoshushwa kidatu. Ni wimbo wa dunia, najua, lakini hatuwezi kuandika historia hii na kuuruka.

Ya pili ni TR-808 ya Roland. Hii haikuwa na rekodi hata moja. Kila sauti iliundwa kwa saketi, na bei ilikuwa dola 1,195. Wakosoaji waliidharau kwa sababu haikufanana na ngoma ya kweli, na utengenezaji ulikoma mwaka wa 1983 baada ya mashine zipatazo 12,000. Kakehashi mwenyewe alieleza kwamba mashine hiyo ilitegemea transista zenye kasoro, zile ambazo viwanda vilikuwa vikizitupa, kwa kuwa kasoro hiyo ndiyo iliyotoa mchakarisho alioupenda. Viwanda vilipoboreka, transista mbovu zikakosekana, na mashine ikafa. Jiwe walilolikataa waashi, naam, ila hapa waashi walijifunza kazi vizuri mno mpaka jiwe likaisha.

TR-808 ilitoa kidatu nusu nusu. Tomu na konga, zile ngoma za katikati, zilipewa vitufe vya kidatu. Ngoma kubwa haikupewa. Ilipewa kitufe cha kurefusha mlio, na hapo ndipo tatizo lilipozaliwa, kwa sababu ngoma kubwa ya 808 ikirefushwa hailii tena tu! Inalia tuuuum, kama bomba la chini kabisa la ogani, kwa takriban mitikisiko 50 kwa sekunde, kila mashine ikitofautiana kidogo na mwenzake. Sauti ndefu namna hiyo sikio linaipima vizuri.

Tupime na sisi. Mitikisiko 50 kwa sekunde iko kati ya G na A-flat za chini kabisa. Wimbo ukiwa doh ni G, ngoma inakaa karibu na doh na kila mtu anafurahi. Wimbo ukiwa doh ni F, ngoma inaimba ray mfululizo, hata pale besi wanaposhusha doh yao ya mwisho. Na wimbo ukiwa doh ni A-flat, ngoma inakaa chini kidogo ya doh, ikiikwaruza, kama yule mwenzetu wa mstari wa nyuma ambaye hafiki na hajui kwamba hafiki. Hata kengele ya ng'ombe ya 808, ile inayolia kling kling, ina shida hiyo hiyo. Inatokana na vidatu viwili, kimoja karibu 540 na kingine karibu 800, ambavyo ukivisikiliza vinafanana na doh na soh, ila vimeketi katikati ya funguo za kinanda. Hakuna wimbo wa kinanda unaoweza kupatana navyo kikamilifu.

Hapo ndipo walipoingia mafundi wa pasi ya kulehemu.

Mashine iliyofunguliwa na mafundi wengi wa kujifunzia ilikuwa ndogo yake 808, iitwayo TR-606, iliyotoka mwaka wa 1981. Roland waliitengeneza iwe ya bei nafuu, ya kutembea kwa betri, ya kumsindikiza mpiga gitaa anayefanya mazoezi peke yake. Ilikuwa na ngoma kubwa, snea, tomu mbili, matoazi, na hai-hati iliyofungwa na iliyo wazi. Mbele yake kuna vitufe vya nguvu ya sauti, na hata hivyo tomu mbili zinagawana kitufe kimoja. Kidatu? Hakuna hata kimoja. Tomu zilisikika kama makopo ya Kimbo, na ulikuwa huna la kufanya.

Tufungue basi skrubu. Ndani ya mashine hizi hakuna ngozi wala kijiti. Kwa sauti za tomu na ngoma kubwa, kuna saketi ndogo yenye kapasita mbili na rezista mbili pamoja na kikuza sauti. Umeme ukiipiga teke moja fupi, saketi inatikisika kama sufuria iliyogongwa kwa mwiko, kisha inatulia. Idadi ya mitikisiko kwa sekunde ndiyo kidatu. Muda wa kutulia ndio urefu wa mlio. Kati ya rezista hizo mbili, moja huunganisha saketi na ardhi, ile njia ya kurudia umeme. Kapasita zikiwa sawa, rezista hiyo ina tabia nzuri ajabu: ukiibadilisha, kidatu kinabadilika lakini urefu wa mlio unabaki ule ule. Ile rezista ya pili haina adabu hiyo. Ukiigusa, vyote viwili vinahama. Fundi asiyejua tofauti hii anaweza kuhangaika usiku kucha akijiuliza kwa nini kila akipandisha ngoma inakuwa fupi.

Kazi yenyewe si ndefu. Fundi huyeyusha lehemu, anatoa rezista ya kiwandani, na mahali pake anaweka rezista ndogo zaidi iliyofuatana na rezista ya kuzungusha, ambayo ni kile kile kilicho nyuma ya kitufe cha sauti cha redio. Ile ndogo ni sakafu. Bila hiyo, kitufe kikifika mwisho hakibaki kizuizi chochote, na ngoma inapoteza sauti yake. Kisha anatoboa tundu kwenye ganda la plastiki, anafunga kitufe, anarudisha skrubu. Ngoma moja, rezista mbili, waya mbili au tatu.

Hesabu ndiyo inayowashangaza wengi. Mtu angedhani kwamba kupandisha ngoma oktava moja, kutoka doh ya chini hadi doh ya juu, ni kupunguza rezista hadi nusu. Sivyo. Kidatu hufuata kipeuo cha pili, kwa hiyo rezista lazima ishuke hadi robo. Ukiipunguza hadi nusu unapanda hatua nusu sita tu, na unaishia fe, katikati kabisa ya doh mbili, mahali ambapo hakuna mwimbaji anayependa kuachwa peke yake. Kwa kushuka oktava, rezista huongezwa mara nne. Ndiyo maana pia kitufe cha kawaida hakigawi vidatu sawasawa: upande wa juu vinasongamana, ukikigusa kidogo tu umeruka hatua mbili, na upande wa chini unazungusha na kuzungusha bila kufika. Mafundi wenye subira hutafuta rezista ya kuzungusha iliyotengenezwa kwa mwinamo maalum ili vidatu vitawanyike vizuri chini ya vidole.

Matoazi ni habari nyingine. Katika 606 na 808 yanatokana na sauti sita za umeme zinazolia pamoja bila kupatana kwa makusudi, na kutopatana huko ndiko kunakotoa mlio wa chuma. Kuyapandisha yote kwa kitufe kimoja ni kazi ya kuhamisha sita kwa mpigo. Wapo walioifanya. Mimi naona matoazi yaachwe. Hayajawahi kumharibia mtu doh.

Baada ya mageuzi, ile 606 iliyodharauliwa ikawa kitu kingine. Tomu mbili zikiwekwa soh na doh zinafanya kazi ya zile ngoma kubwa za shaba za okestra, ambazo kwa karne nyingi zimewekwa vivyo hivyo. Ngoma kubwa ikishushwa inapata kifua. Na kwa kuwa kitufe kiko nje, mtu anaweza kukizungusha katikati ya wimbo, ngoma ikapanda na kushuka kama inavyofanya ngozi mpigaji anapoikandamiza kwa kiwiko.

Mashine za rekodi ziliguswa pia. Linn alitoa LinnDrum mwaka wa 1982, nafuu kuliko LM-1, dola 2,995, lakini ili kupunguza gharama alibakiza vitufe vya kidatu kwa snea, tomu na konga tu. Ngoma kubwa ikarudi gerezani. Huku dawa si rezista ya kwenye ardhi bali saa ile inayoamuru kasi ya kusoma. Fundi huipa ngoma kubwa saa yake ya kuzungusha. Ni kazi ya hatari zaidi, kwa sababu chipu za zamani zikiungua hazipatikani dukani, na mashine inayochomekwa ukutani hushikilia umeme ndani hata baada ya kuchomolewa. Ile 606 ya betri ina huruma zaidi kwa mwanafunzi.

Si kila mtu aliyafurahia haya. Ubishi ulikuwepo na bado upo kati ya wenye mashine hizi. Upande mmoja husema: mashine ya mwaka wa 1981 ni kumbukumbu, haitatengenezwa nyingine, na kila tundu unalotoboa ni jeraha lisilopona. Sasa hivi 808 iliyo salama huuzwa kwa maelfu ya dola, na mnunuzi wa kwanza kitu anachouliza ni kama imeguswa. Upande wa pili husema: ilitengenezwa ipigwe, si itazamwe. Ala isiyopatana na wimbo ina faida gani kabatini?

Nimewasikiliza wote wawili, na nikiulizwa naegemea upande wa pili, ila kwa sharti. Watu waliounda mashine hizi walikuwa wajuzi wakubwa, lakini waliamua kidatu cha ngoma bila kujua itapigwa wimbo gani, wala itapigwa na nani. Yule Mjapani hakuweza kujua kwamba kuna mtu mahali fulani ataimba A-flat. Anayeimba A-flat ana haki ya kuisogeza ngoma. Sharti langu ni kwamba afanye kazi inayoweza kurudishwa. Mafundi waungwana hawatoboi ganda kama wanaweza kutumia tundu lililopo, na ile rezista ya kiwandani waliyoitoa hawaitupi. Huifunga kwa karatasi ndogo na kuibandika ndani ya ganda, ili atakayeirithi mashine, akitaka sauti ya zamani, aikute pale.

Kiwanda chenyewe hatimaye kilikubali. Mwaka wa 2014 Roland walitoa TR-8, inayoiga sauti za 808 na nyingine ya mwaka wa 1983, TR-909, kwa kompyuta. Humo ngoma kubwa ina kitufe cha kidatu, snea inacho, tomu zote zinacho, hata makofi na hai-hati. Kilichokuwa kazi ya pasi ya kulehemu usiku mezani kikawa kimeandikwa mbele kwa herufi za kiwandani. Kakehashi alikuwa bado hai. Alifariki tarehe 1 Aprili 2017, akiwa na umri wa miaka 87.

Vinanda vyetu vya kanisani, hata hivyo, havikufuata. Midundo iliyomo ni wajukuu wa FR-1, na wamerithi tabia ya babu. Kuna kitufe kiitwacho Transpose, ambacho mpiga kinanda hukitumia pale mwalimu anapoona wimbo umekaa juu mno kwa soprano, au tunapopandisha ubeti wa mwisho. Akikibonyeza, kila kitu kinahama: sauti ya mkono wa kulia inahama, besi ya mashine inahama, gitaa la mashine linahama. Ngoma haihami. Imeachwa nje kwa makusudi, kwa kuwa katika kinanda kila ngoma imepewa funguo yake, na ukizihamisha zote hatua moja, mahali pa ngoma kubwa patalia kitu kingine kabisa. Kwa hiyo kwaya nzima inapanda hatua, na ngoma kubwa inabaki ilipokuwa kwenye ubeti wa kwanza.

Katika vinanda vingi ngoma hiyo ni fupi, na haidhuru. Lakini siku hizi mitindo mingine ina ile ngoma ndefu ya 808, tuuuum, na spika zetu za kanisani zimekuwa kubwa. Mpiga kinanda mwenye sikio hufanya mojawapo ya mawili: huchagua seti nyingine ya ngoma yenye mlio mfupi kabla ya kupandisha, au huzima ngoma kabisa na kuwaachia wapigaji wa kayamba na ngoma ya ngozi ubeti wa mwisho. Siku ya jubilii, tutakapopandisha ubeti wa mwisho wa wimbo wa kufunga ibada, sikilizeni chini ya besi. Mtajua amechagua lipi.